Kamera ya Dijitali Hudumu kwa Muda Gani? Mwongozo wa Kuikagua Kabla ya Kuibadilisha

Anayeuliza kamera ya dijitali hudumu miaka mingapi hupewa jibu la miaka, ilhali kamera haizeeki kwa kalenda. Kamera mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kuwa katika hali tofauti kabisa baada ya miaka 8: moja ilikaa kabatini muda wote na sasa lenzi yake imeota kuvu, na nyingine imekwisha kupiga picha laki mbili na bado inafanya kazi kila wiki. Kwa makadirio ya jumla, kamera ndogo ya mfukoni iliyotunzwa vizuri hufikisha miaka mitano au zaidi, na ile ya kubadilisha lenzi huweza kuvuka miaka 10. Makadirio hayo, hata hivyo, hayakuambii lolote kuhusu kamera iliyo mkononi mwako, na ndiyo maana mwongozo huu unakutaka uikague wewe mwenyewe, sehemu moja baada ya nyingine, kabla hujatoa pesa. Utahitaji betri iliyojaa, kadi ya kumbukumbu unayoiamini, tochi, kompyuta, ukuta mweupe unaopata mwanga wa mchana, na muda wa kama saa moja.

Hatua ya 1: Fahamu shata limefanya kazi mara ngapi

Katika kamera nyingi za kubadilisha lenzi, mbele ya kihisi, yaani kipande kinachonasa mwanga na kuugeuza kuwa picha, kuna pazia jembamba la vipande vinavyofunguka na kufungika kila unapobonyeza kitufe. Pazia hilo ndilo shata, na kwa kuwa ni mashine inayotembea kwa kasi kubwa mno, ndilo sehemu inayochakaa kwa namna inayoweza kuhesabika. Watengenezaji hulijaribu na kutaja idadi ya picha ambazo limeundwa kuzihimili. Nikon D3500, kamera ya wanaoanza, imetajwa kwa picha 100,000. Canon EOS 5D Mark IV kwa 150,000. Nikon D850 kwa 200,000. Na Canon EOS-1D X Mark III, iliyotengenezwa kwa wapiga picha wa michezo na habari, kwa 500,000. Namba hizi si tarehe ya mwisho. Ni kipimo cha majaribio, na yako mashata yaliyokufa kabla ya kufika nusu na mengine yaliyopita mara mbili yake. Zichukulie kama unavyochukulia kilomita za gari: gari la kilomita nyingi si lazima liharibike kesho, ila ukilipanda kwa safari ndefu lazima ujue unapanda nini.

Kujua idadi ya kamera yako kunategemea aina yake. Kamera nyingi za Nikon na baadhi ya nyingine huandika idadi hiyo ndani ya kila faili la picha, pamoja na tarehe na mipangilio, na programu ya bure ya ExifTool inaweza kuisoma, mradi faili liwe lilelile lililotoka kwenye kamera bila kupitia programu ya kuhariri wala kutumwa kwa simu. Kamera nyingi za Canon hazifanyi hivyo, kwa hiyo unalazimika kuiunganisha kamera na kompyuta kwa waya na kutumia programu maalumu, au kumwomba fundi akusomee. Usitegemee namba iliyo kwenye jina la faili. Kwa kawaida namba hiyo hufika 9999 kisha hurudi 0001, na hapo ndipo wanunuzi wa kamera zilizotumika wanapodanganyika: wanaonyeshwa picha yenye namba 2350 wakidhani hiyo ndiyo idadi, kumbe hesabu imekwisha kuzunguka mara 12.

Ukipata idadi, igawe kwa matumizi yako halisi. Mtu anayepiga picha 300 kwa wiki hupiga 15,600 kwa mwaka, kwa hiyo shata la 100,000 litamfikisha zaidi ya miaka sita. Mpiga picha wa harusi anayepiga 2,000 katika kila shughuli, na kufanya shughuli 40 kwa mwaka, anapiga 80,000. Shata hilohilo kwake ni la mwaka mmoja na miezi michache. Wanaotengeneza video za kuharakisha muda kwa kuunganisha picha moja moja huchoma shata bila kujua, maana dakika moja ya video ya namna hiyo, kwa picha 25 kila sekunde, inahitaji picha 1,500. Video ya kawaida haimo katika hesabu hii, kwa sababu wakati wa kurekodi shata hubaki wazi na kazi yote hufanywa na kihisi.

Sasa lijaribu shata lenyewe. Weka kasi ya juu kabisa ya kamera yako, kwa mfano 1/4000 ya sekunde, uelekeze lenzi kwenye ukuta mweupe wenye mwanga wa mchana, upige picha 20 mfululizo na kuzitazama kwenye kompyuta. Zote zinapaswa kuwa na mwanga sawa, juu hadi chini. Ukiona utepe wa giza upande mmoja, au picha moja imefifia kuliko jirani yake, shata limeanza kuyumba. Jaribio hili lisifanywe chini ya taa za umeme, kwa sababu taa nyingi huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera huiona, nazo zitachora mistari hata kwenye kamera mpya. Nilikwisha kupuuza dalili hii. Shata langu lilipoanza kuchoka, utepe mweusi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kwenye skrini ndogo ya nyuma nilidhani ni kivuli cha dari, nikaendelea kupiga shughuli nzima. Niliporudi nyumbani na kuzifungua picha kwa ukubwa wake, karibu theluthi moja zilikuwa zimekatwa vichwa vya watu. Tangu siku hiyo, kila baada ya picha chache navuta picha kwenye skrini na kuikagua kingo zake.

Shata lililokufa hubadilishwa na fundi, na kazi hiyo ni ya kawaida. Kamera ndogo za mfukoni kwa upande wake huwa na shata dogo ndani ya lenzi, na kinachoziua mara nyingi ni mota ya lenzi inayotoka na kuingia, hasa mchanga ukipenya. Kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) unaweza pia kuchagua shata la kielektroniki ambalo halina kitu kinachotembea, na Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina kabisa shata la mashine. Shata la kielektroniki lina dosari yake, kwani katika kamera nyingi huweza kupinda vitu vinavyokwenda kasi, lakini kwa mandhari na vitu vilivyotulia ni njia nzuri ya kulipunguzia mzigo lile la mashine.

Hatua ya 2: Usiihukumu kamera kwa makosa ya betri na kadi

Kamera nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa zina betri iliyochoka. Betri za lithiamu hupoteza uwezo wake kadiri zinavyochajiwa, na baada ya kujazwa na kumalizwa kati ya mara 300 na 500 hivi upungufu huonekana wazi. Tena huzeeka hata zikikaa bila kutumiwa. Dalili yake ni kuonyesha imejaa kisha kuzima ghafla, au kamera kujizima wakati lenzi inatembea. Kabla ya jambo lingine lolote, azima au nunua betri nyingine unayoiamini na urudie kazi ileile. Betri iliyovimba isilazimishwe kuingia, na ikiwa imekwama ndani, mpelekee fundi badala ya kuichokonoa kwa bisibisi. Ile unayoihifadhi kwa muda mrefu iweke ikiwa na chaji ya karibu nusu, mahali pa ubaridi kiasi.

Kadi nayo ina lawama zake. Picha ambayo nusu yake ni ya kijivu, au faili lisilofunguka, mara nyingi ni kadi inayokufa. Nakili kila kitu kwanza, kisha uifomati kadi ndani ya kamera yenyewe badala ya kwenye kompyuta. Tatizo likirudi, itupe. Ikiwa kamera ni ya zamani na inakataa kadi mpya, pengine haina ubovu wowote. Kamera za kadi za SD zilizotengenezwa kabla ya SDHC, kiwango cha kadi zenye nafasi kubwa zaidi, kuja mwaka 2006 kwa kawaida hutumia kadi zisizozidi gigabaiti 2, na kadi ya leo kwake ni kama lugha ya kigeni.

Hapa ndipo kifo cha kweli cha baadhi ya kamera kinapotokea, tena kamera ikiwa nzima. Kamera zinazotumia kadi za xD-Picture, aina iliyoanzishwa mwaka 2002 na kuachwa baadaye, au zinazotumia betri ambayo haitengenezwi tena, zinategemea masalia yaliyobaki sokoni. Ukiona kwamba kupata kadi au betri moja kunakuchukua wiki nzima ya kutafuta, hesabu kuwa muda wake umekwisha, hata kama picha zake bado zinakupendeza.

Tarehe inayorudi mwanzo kila ukitoa betri ni jambo dogo. Ndani ya kamera nyingi kuna betri ndogo ya saa inayochajiwa na ile kubwa. Iache betri iliyojaa ndani ya kamera kwa siku moja au mbili, na mara nyingi saa itatulia.

Hatua ya 3: Kagua kihisi

Watu husema kamera yao ya zamani siku hizi inatoa picha hafifu, kana kwamba kihisi kinachoka kama macho ya mzee. Hakichoki namna hiyo. Picha ikipoteza ukali, mkosaji wa kwanza ni lenzi, na wa pili ni jicho la mwenyewe ambalo limezoea picha za simu zilizokwisha kung'arishwa na programu. Kihisi kina matatizo yake mahususi, nayo hutambulika kwa majaribio mawili.

Jaribio la kwanza ni la vumbi. Funga tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), vuruga fokasi, yaani ulengaji wa ukali wa picha, makusudi, piga ukuta mweupe huku ukiisogeza kamera kidogo, kisha piga tena. Madoa ya kijivu yanayobaki palepale katika picha zote mbili yako kwenye kihisi. Hayo si sababu ya kununua kamera. Anza na menyu ya kusafisha kihisi, kisha tumia kipuliza cha raba cha kubinya kwa mkono huku kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate hayaepukiki, wala usitumie mkebe wa hewa ya kushindiliwa, ambao unaweza kutema kimiminika juu ya kihisi. Doa linaloshikilia liachie fundi au vifaa vya maji vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Jaribio la pili ni la nukta zinazowaka. Funika lenzi, piga picha moja ya sekunde 1 na nyingine ya sekunde 30, uzitazame kwa ukubwa wake wote. Nukta chache nyekundu, za buluu au nyeupe katika picha ya sekunde 30 ni za kawaida hata kwa kamera mpya. Zikionekana pia katika picha fupi, tafuta kwenye menyu kipengele cha kurekebisha pikseli, au peleka kituo cha huduma kinachoweza kuifanya kazi hiyo. Kinachotisha ni mistari ya rangi inayokatisha picha nzima, au picha kuwa ya zambarau yote: hapo kihisi au mzunguko wake wa umeme unakufa, na ukarabati wake hulipa mara chache sana. Hata hivyo ulizia kwanza matangazo ya mtengenezaji. Mwaka 2005 watengenezaji kadhaa walitangaza kurekebisha bila malipo aina nyingi za kamera zao ambazo vihisi vyake vya aina ya CCD vilikuwa vikiharibika kwa joto na unyevu, na waliowahi kuzitupa walipoteza haki hiyo.

Hatua ya 4: Kagua lenzi kwa tochi

Toa lenzi, ifungue tundu lake lote, washa tochi upande mmoja na utazame upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo ndani halina madhara. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, na ukungu mweupe uliotanda kama pumzi kwenye kioo ni mvuke wa mafuta ya ndani ya lenzi. Kuvu ya mapema husafishika. Iliyokaa muda mrefu hula tabaka la juu la kioo na alama yake haitoki. Huota kwenye unyevu na giza, ndiyo maana begi lililofungwa na kusahaulika ni mahali pabaya pa kuhifadhia kamera. Sanduku lisilopitisha hewa, lenye vipakiti vya silika na kipimo kidogo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50, linatosha kabisa.

Usisahau kioo cha nyuma ya lenzi. Rafiki yangu alikuwa ameshaamua kuuza kamera yake kwa kuwa picha zilikuwa na weupe wa ajabu kila alipopiga kuelekea mwanga. Nilipoigeuza lenzi niliona alama ya kidole gumba, kamili na mistari yake, kwenye kioo kile cha nyuma ambacho hakuna anayekitazama. Kitambaa laini na tone moja la dawa ya lenzi vilimaliza kesi hiyo.

Kwa fokasi, bandika ukurasa wenye maandishi ukutani, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, upige mara tano kwa fokasi ya kamera na mara moja kwa kulenga mwenyewe ukiwa umeivuta picha kwenye skrini. Ile ya mkono ikiwa kali kuliko zile tano, tatizo ni la fokasi na linaweza kurekebishwa. Zote zikiwa na ukungu, jaribu lenzi nyingine kwenye bodi hiyohiyo, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Lenzi ya pili ikitoa picha kali, utabadilisha lenzi, bodi ibaki.

Hatua ya 5: Vifungo, vifuniko na waya

Bonyeza kila kitufe na zungusha kila gurudumu. Gurudumu linaloruka namba na raba inayobanduka au kunata ni kero zinazorekebishika kwa gharama ndogo. Tundu la waya lililolegea na mlango wa betri usiofunga ni makubwa zaidi, kwa sababu kamera nyingi hukataa kuwaka mlango ukiwa wazi.

Hatua ya 6: Pima ukarabati dhidi ya kununua

Ukishajua sehemu iliyoharibika, mwombe fundi bei kabla hajaanza kazi, na utafute kamera ya aina hiyohiyo iliyotumika, yenye hali nzuri, inauzwa kiasi gani. Kanuni yangu ni kwamba ukarabati ukizidi nusu ya bei hiyo, naachana nao, isipokuwa kamera ina idadi ndogo ya picha na sehemu inayobadilishwa ni shata. Kamera iliyoingia maji ya chumvi siitengenezi hata kwa bei ndogo, kwani kutu huendelea kula ndani baada ya fundi kukurudishia ikiwa inawaka. Zingatia pia kuwa watengenezaji huacha kutoa vipuri miaka kadhaa baada ya kusitisha utengenezaji wa aina fulani, na hapo fundi hubaki kuchinja kamera moja ili aponye nyingine.

Kamera yenye taa ya flashi isifunguliwe nyumbani. Kapasita ya taa hiyo hubeba takribani volti 300 na hubaki nazo kwa muda hata baada ya betri kutolewa.

Hatua ya 7: Ikiwa ni nzima lakini unaona haikutoshi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Andika sentensi moja inayoanza na "Ninashindwa kupiga…" na kumalizia na sababu iliyo ndani ya kamera. "Ninashindwa kupiga watoto wakicheza ndani jioni, kwa sababu picha hujaa chengachenga nikipandisha ISO", yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ni sababu ya kweli. "Ninataka megapikseli zaidi" mara nyingi si sababu. Skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani kama milioni 8.3, na ukurasa wa A4 uliochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji takribani milioni 8.7. Canon EOS 5D ya mwaka 2005, yenye megapikseli 12.8, yaani pikseli milioni 12.8, inavitosheleza vyote viwili. Kilichobadilika kweli tangu wakati huo ni uwezo wa kupiga kwenye mwanga hafifu, fokasi inayofuata jicho la mtu, na video. Ikiwa sentensi yako haigusi mojawapo ya hayo, nunua lenzi nzuri uitumie kwenye bodi uliyonayo.

Kabla ya kuchagua bodi mpya, tazama mahali lenzi inapofungwa. Mfumo wa F wa Nikon ulianza mwaka 1959 na ule wa EF wa Canon mwaka 1987, lakini mwaka 2018 kampuni zote mbili zilianzisha mifumo mipya kwa kamera zisizo na kioo, Z na RF. Lenzi nyingi za zamani hufanya kazi kwenye bodi mpya kwa kutumia adapta, ingawa baadhi ya lenzi za zamani za Nikon hupoteza fokasi ya kujiendesha zikiwekwa humo. Bei ya adapta, kadi mpya na betri ya akiba iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Hatua ya 8: Kuachana na ile ya zamani

Ukiamua kuibakiza kama akiba, iwashe kila baada ya miezi michache, piga picha kadhaa ili shata na lenzi zisigande, na ichaji betri. Ukiamua kuiuza, mwambie mnunuzi idadi ya picha bila kungoja aulize. Rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha hakikisha wewe mwenyewe kwamba jina lako limefutika kwenye sehemu ya hakimiliki na kwamba nywila za Wi-Fi hazipo, kwa kuwa katika baadhi ya kamera hivyo hufutwa kwa menyu tofauti. Kadi baki nayo, kwani kufomati kwa kawaida hufuta orodha ya mafaili tu na picha zenyewe huweza kufufuliwa na programu rahisi. Kamera iliyokufa kabisa ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, na betri yake itoe kwanza, uzibe vituo vyake vya chuma kwa utepe wa plastiki ili visigusane na chuma kingine njiani.